Panya wa Namba Arobaini na Mbili

4 Machi

Kwa mke wangu wa ghalani,

Shikamoo, Bibi. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonung'unika kwa kuinamia viatu vya watu kutwa nzima. Mama ameandika. Yeye hajambo, na mdogo wangu ameng'oka jino la mbele, sasa hataki kucheka mbele ya wageni. Na wewe je, sikio la kushoto linasemaje? Wiki iliyopita nilikupigia simu mara mbili. Mara ya kwanza ulinijibu kwamba mahindi ya mbegu bado yapo, mara ya pili ukanishukuru kwa sabuni ambayo sikuituma. Basi tuendelee na barua, madhali Mzee wa Honi anapita kwako na lori lake na anapita kwangu pia.

Habari kubwa ni kwamba fundi mkuu amenipa meza yangu mwenyewe, ipo dirishani, na nyundo yangu haiazimwi na mtu. Soksi, mbwa wangu, analala chini ya meza hiyo. Miguu yake minne bado ni myeupe mpaka magotini, na wateja wananiuliza huwa namvua saa ngapi. Ulinipa akiwa na wiki sita, kabla mama yake hajamfunza kuwinda, ukaniambia mimi ndiye niwe mwalimu. Basi jua kwamba mwalimu amefaulu. Nimemshonea panya wa ngozi mwenye mkia wa kamba ya kiatu, na kila asubuhi namburuza sakafuni, Soksi anamnyatia. Wiki hii peke yake amekamata wawili wa kweli. Mmoja wa kahawia, mwepesi, na mwingine mweusi, mkubwa, kama namba arobaini na mbili hivi.

Mama yake, Karani, hajambo? Mwambie binti yake hajamwaibisha.

Mumeo, fundi viatu


19 Machi

Mume wangu fundi,

Marahaba. Nimefurahi kwa ajili ya meza. Nilijua utaipata tangu ulipokuwa mdogo ukipasua viatu vyangu kutafuta kilichomo ndani. Sikio la kushoto limestaafu bila kuaga. La kulia bado lipo kazini, ila linachelewa kufika. Usimwambie mama yako, maana atakuja hapa na machozi na masanduku.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila miwani, na zote namba ilibaki arobaini na mbili. Mimi nimetunza ghala hili la mbegu miaka ishirini na mmoja. Nimeona panya wanene, panya wembamba, na mmoja asiye na mkia. Sijaona panya wa namba. Au huko kwenu mnawavalisha?

Karani hajambo. Kazi yake unaijua, kila asubuhi anapita safu zote za magunia, na akisikia kitu chini ya mbao anasimama, anainua mguu wa mbele wa kulia, ananitazama. Mimi nasogeza gunia, yeye anamaliza. Juzi alimtoa mmoja nyuma ya mzani.

Msimamizi anakuja kukagua tarehe thelathini Agosti. Amesema, kwa adabu zake zote, kwamba mtu wa umri wangu anastahili kupumzika. Akikuta magunia yametobolewa nitapumzishwa, na chumba changu cha nyuma nitakikabidhi pamoja na funguo. Nimekizoea mno chumba hiki. Hata msumari unaokamata gauni langu mlangoni naujua, na sitaki kuanza kufahamiana na msumari mwingine. Lakini usihangaike. Karani yupo.

Mkeo


6 Aprili

Mke wangu mpenda maswali,

Shikamoo tena, na salamu kwa sikio lililostaafu. Mimi sijambo. Mdogo wangu ameota jino jipya, na mama anasema sasa hafungi mdomo kabisa.

Kuhusu namba, ni lugha ya kazini tu. Mtu akishinda na viatu hupima kila kitu hivyo, hata mkate. Usinichimbe. Soksi anaendelea vizuri kupita kiasi. Wiki hii alikamata mmoja wa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, yaani panya aliyekuwa karibu na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe alisimama hapa nusu saa nzima akimzungumzia. Sauti yake ilifika mpaka kwa wauza vitabu.

Nimewashonea mama na binti mikanda ya shingoni, ngozi moja, uzi mmoja. Wa Karani nimeukata kwa kipimo kile ulichonipa siku nyingi, maana shingo yake ni nene. Wa Soksi ni mdogo sana, huyu amechukua umbo la baba ambaye hakuna anayemjua. Mzee wa Honi anakuletea wa Karani pamoja na barua hii. Mvalishe, kisha uniambie umemkaaje. Ni kazi yangu ya kwanza juu ya meza yangu, na nilitaka iende kwenu.

Mumeo


2 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu mbegu za msimu zilikuwa zikiingia, na kila gunia lazima nilipapase mwenyewe kabla halijapangwa. Miguu inauma kidogo. Moyo hauumi.

Mkanda umefika. Mishono imenyooka, na nimemwonyesha kila mpakuzi wa magunia aliyepita hapa mpaka wakaanza kuzunguka kwa mlango wa pili. Umemkaa Karani kana kwamba ulimpima jana. Vidole vyangu viwili vinapita kati ya ngozi na shingo, kama inavyotakiwa. Ameuvaa anatembea nao kwa maringo, na juzi akautumia kwa kazi, alimtoa panya mmoja nyuma ya mzani.

Huyo mwalimu mkuu ni mwanamke? Uliza vizuri kama ana mume. Mtu hasimami nusu saa kuzungumzia mbwa. Nikipata mke mwenza nataka niarifiwe mapema, nipate kununa kwa nafasi.

Mkeo mkubwa


9 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo sikuiti mke wangu mpaka tumalize.

Jana nilikuwa natafuta nta ya kupaka uzi, nikainua macho, nikaona mkanda unaning'inia msumarini juu ya meza. Nikautoa, nikampima Soksi, ukamteremka mpaka kifuani. Ni mkanda wa Karani. Niliokufungia ni wa Soksi, nilikosea katika kufunga, na mkanda ule hauwezi kumtosha Karani hata uvutwe na watu wawili. Wewe umeniandikia kwamba vidole viwili vinapita. Halafu nikazitoa barua zako. Huyo panya wa nyuma ya mzani ameuawa mara mbili, Bibi, Machi na Mei.

Sitakuita mwongo kabla sijajiita mwenyewe. Soksi hajakamata panya hata mmoja tangu azaliwe. Siku moja panya alipita uani akasimama kumtazama, na Soksi akatikisa mkia. Anachowinda ni viatu. Yule wa kahawia alikuwa kiatu cha mteja mmoja, mweusi wa arobaini na mbili alikuwa wa mhasibu, na mwalimu mkuu, ambaye ni mwanamume, tena ana mke na hasira, alikuja kudai cha kwake. Humpati Soksi akigusa jozi. Anachagua kimoja, anasimama mbali, anainua mguu wa mbele wa kulia, anatulia mpaka nasahau kama yupo. Kisha anaruka, anakishika kwenye ulimi wa kiatu, pale juu panapofungwa kamba, anakitikisa mara mbili na kukilaza miguuni pangu. Sikumfundisha hayo. Mimi niliburuza tu yule panya wa ngozi.

Ukweli wangu wote ndio huo. Nimeona aibu kukuambia kwamba mbwa wa ukoo wa Karani nimemfanya kichekesho cha mtaa.

Sasa na wewe niambie. Karani yuko wapi?

Mjukuu wako


27 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako amenitumia picha ya mdogo wako na jino lake jipya, nimeitundika juu ya kitanda. Mzee wa Honi amepita hapa mara tatu akiuliza kama nina barua, na mara tatu nimemwambia wino umeisha. Wino ulikuwepo.

Karani alikufa tarehe kumi na moja Februari. Alikuwa amezeeka tu, wala hakuugua. Asubuhi hiyo alianza safari yake ya kupita safu kama kawaida, mimi nikawa nachemsha chai, na alipochelewa nikamfuata. Nilimkuta safu ya saba amelala ubavu, pua yake ikielekea kwenye ufa wa mbao. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa, kisha ikapoa ya pili. Nimemzika nyuma ya ghala, na mkanda wako mdogo nimeufunga kwenye kijiti pale. Kwa hiyo vidole viwili vinapita kweli.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Mwaka ule nilipovunjika mguu uliacha kazi kwa fundi wa kwanza ukaja kuniuguza miezi minne, na kiti chako akapewa mwingine. Safari hii nilitaka uipate hiyo meza na uikalie. Na sikutaka urudishe Soksi. Nilikupa yeye ili chumba chako kiwe na mtu anayekungoja, maana nilipokuja kukutembelea nilikuta sahani moja na kikombe kimoja, na vyote viwili vilinihuzunisha.

Mambo ya hapa si mazuri. Panya siwasikii. Karani ndiye aliyekuwa sikio langu, na wapakuzi waliniona mjanja bila kujua kwamba ni yeye. Mzee wa Honi aliniletea dume moja kubwa la mbwa, lina kifua cha mlinzi, likaota jua siku tisa nikalirudisha. Magunia matatu yametobolewa. Mama yake Karani aliwinda, na mama wa mama yake pia, wote mguu wa kulia juu, wote mitikiso miwili, nami nikadhani kila mama ndiye anayewafunza wanawe. Karani alikuwa anawaletea wake panya aliyekufa kwanza, kisha wa nusu uhai, kisha mzima. Soksi hakupata somo hata moja kati ya hayo. Sasa unaniambia anainua mguu wa kulia mbele ya kiatu cha mhasibu. Nimecheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki mpangilio.

Bibi yako mwongo


1 Julai

Mke wangu,

Nimekurudishia cheo chako. Nimekukasirikia, nitaendelea kukasirika kwa barua hii moja, kisha basi. Miezi minne unampeleka mbwa marehemu kazini kila asubuhi, hata siku za mapumziko hukumpa.

Soksi yumo ndani ya lori pamoja na barua hii. Usimrudishe, maana Mzee wa Honi nimemwambia akikubali kumrudisha nitamshonea viatu vyote viwili vya kushoto. Amevaa mkanda wa mama yake, nimeukata na kuuongezea tundu. Nimemwekea na kiatu changu cha kushoto, kile kikuukuu nilichovaa nilipoondoka kwako, ndicho anachokilalia. Yule panya wa ngozi yumo pia kwenye mfuko.

Kuhusu chumba changu usianze. Mimi nina jozi thelathini na nne mezani, naongea nazo, na nyingine zina ulimi.

Mumeo


22 Julai

Mume wangu,

Nakupa habari jinsi zilivyo, tumekubaliana. Mimi sijambo, Soksi hajambo, viatu vyangu vimekufa.

Alishuka kwenye lori akajificha nyuma ya tairi. Magunia yanamtisha kwa sababu yako mengi na hayana kamba. Analala kitandani kwangu, anachukua upande wa ukutani na blanketi lote. Kandambili zangu za bafuni alizimaliza siku ya pili, viatu vya kanisani siku ya nne, na jana mpakuzi mmoja alivua buti apumzishe vidole, akarudi nyumbani na mguu mmoja mtupu. Wapakuzi wanampenda. Wanamchezesha na yule panya wako wa ngozi kila wakati wa mapumziko.

Panya wa kweli amemwona. Alikatiza mbele yetu safu ya nne, mchana kweupe, wala hakuwa na haraka. Soksi alisimama nyuma ya miguu yangu mpaka akapita. Sikumgombeza. Nilimwambia hata mimi nilichelewa kujua kazi yangu, lakini nilipomwambia hivyo nilikuwa nahesabu matundu, na sasa magunia ni sita. Zimebaki wiki tano na ushei. Nimeanza kukunja nguo nisizozivaa, si kwa kuhama, ni kwa kupanga tu.

Kama ni kosa la mtu, si lake. Wala usiache meza yako kuja kuniokoa. Nitakufungia mlango.

Mkeo


3 Agosti

Mke wangu,

Shikamoo. Hizo nguo zikunjue.

Nimekaa na barua yako mezani tangu asubuhi, nikashona soli upande usio wake, ndipo nikaona kosa liko wapi. Ni langu. Nilimshonea panya kwa ngozi ya viatu, nikampaka gundi ya viatu, nikamtia kamba ya kiatu. Kila kitu alichopewa na mama yake tumboni kilikuwepo, mguu, kimya, kuruka, mitikiso miwili. Mimi nikamwambia kwamba mawindo hunuka gundi. Akaniamini, maana alikuwa mdogo na mimi ndiye niliyekuwa mama yake. Nyinyi nanyi huko mnaendelea kumwambia hivyohivyo kila wakati wa mapumziko.

Fanya hivi. Panya wa ngozi mchome moto. Viatu vyote vya ghalani, vyako na vya wapakuzi, ama viwe mguuni au viwe ndani ya sanduku. Mwachie kimoja tu, kile changu cha kulalia, maana hicho hajawahi kukiuma. Kisha lile gunia tupu alilokuwa akilalia Karani, kama hujalifua, na najua hujalifua, mtandikie safu ya saba, umwache hapo mchana bila mchezo wowote. Asiwe na kitu cha kukamata ila kile kinachopita.

Sijui kama itafaa. Mimi ni fundi viatu. Lakini kitu kikishonwa vibaya, kwanza unafumua.

Hapa pametulia sana siku hizi. Wateja wanaacha jozi zao na wanazikuta ni jozi.

Mumeo


31 Agosti

Mume wangu mpenzi,

Marahaba ya barua zote. Mzee wa Honi amezima injini ananingoja nimalize, na leo wino upo.

Tulimchoma panya wako, akanuka ghala zima. Siku nne za kwanza Soksi alizunguka akitafuta viatu, akinitazama miguuni kwa lawama. Siku ya tano akajilaza juu ya gunia la mama yake na kulinusa kutoka pembe hadi pembe, taratibu, kama mtu anayesoma barua ndefu. Baada ya hapo alipenda kukaa pale. Mara mbili nilimwona ameinua kichwa kuelekea mbao. Hakufanya kitu. Nami sikukuandikia, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutosema uongo na ukweli wenyewe ulikuwa mdogo mno.

Jana msimamizi alikuja. Alivaa viatu vyeusi vinavyong'aa, vya kamba, na nilimwona Soksi akivitazama. Alianza kukagua huku anaongea. Sikusikia hata nusu, nikawa najibu ndiyo kila alipofunga mdomo, na nadhani mahali fulani nimekubali kuolewa naye. Magunia sita yenye matundu nilimwonyesha mwenyewe. Akaandika. Akasema neno ambalo sikuhitaji sikio kulielewa, maana alisema akiwa ametazama chini.

Tulikuwa tumefika safu ya saba. Soksi aliinuka juu ya lile gunia, akapiga hatua mbili, akasimama. Mguu wa mbele wa kulia ukapanda juu, mweupe. Akanigeukia, akanitazama. Hakuna aliyemfundisha kunitazama, mume wangu. Hukumfundisha wewe, na Karani hakuwahi kupata nafasi. Nilimwambia msimamizi anisaidie kusogeza gunia, naye kwa mshangao akasaidia. Panya alitoka kwa kasi, Soksi akamdaka shingoni, akamtikisa mara mbili, kwisha. Alipita na mzigo wake katikati ya viatu vile vinavyong'aa wala hakuvitupia jicho.

Msimamizi akaniuliza kwa sauti kubwa, hii nilisikia, ni nani aliyemfunza mbwa huyu. Nikamwambia ni mama yake. Alibaki hapa mpaka saa kumi, na wakati huo Soksi alitoa wengine wanne. Ameandika kwamba ghala lina watunzaji wawili na wote waendelee mwaka mwingine. Chumba ni changu. Nilipofunga mlango gauni likanaswa na ule msumari, nikauacha uninase kidogo, nikalia hapo hapo nikiwa nimesimama.

Sasa kuna jambo moja ambalo halimo katika ukoo wa Karani, na hilo ni lako. Karani aliniletea mimi kila alichokamata. Soksi haniletei. Panya wote watano aliwapeleka kwenye kiatu chako cha kushoto, akawatia ndani mmoja mmoja, vichwa vikielekea kidoleni. Alipomaliza akakaa mlangoni, ametazama barabara, na akisikia lori lolote anainua mguu. Nimemwambia una kazi, una meza, una jozi thelathini na nne. Hasikii, na mimi mwenyewe niliyekuwa nikimwambia sikuwa nikiamini. Nimekukumbuka, na nimechoka kuandika kama ambaye hajakukumbuka.

Kiatu kimejaa. Fundi mkuu akikupa siku mbili, njoo na cha pili, kikiwa mguuni.

Mkeo wa ghalani